Watoto wetu nao ni wateja: tuuzieni nusu sahani

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wenye hoteli za chakula hapa Malindi, na baadaye kidogo niseme na wazazi wenzangu. Sizungumzii hoteli za kulala watalii. Nazungumzia hizi zetu tunazoingia sisi wenyeji, za biriani na pilau, za samaki wa kupaka, za kuku na chipsi, kuanzia barabara ya Lamu mpaka kule mjini karibu na soko.

Jumamosi moja ya Novemba kifungua mimba wangu alikuwa amemaliza mtihani wa Gredi ya 6. Nilimwahidi tangu muhula wa pili kwamba akimaliza tutatoka sote tukale nje. Sote ni watano: mimi, mama yangu ambaye magoti yanamsumbua, huyo kifungua mimba wa miaka 12, wa kati wa miaka 8, na kitinda mimba aliyetimiza 4. Baba yao yuko Mombasa kikazi, na mwezi ule hakupata ruhusa. Pesa nilizidunduliza kwenye mkebe wa maziwa kwa wiki sita. Siku yenyewe watoto walioga tangu alasiri, na ilipokaribia Magharibi walikuwa barazani, viatu miguuni, wakikatazana wenyewe kwa wenyewe kukaa mchangani. Tuliposwali tukaita tuktuk, tukabanana nyuma, mdogo mapajani kwa nyanya yake, tukaenda.

Hoteli sitaitaja. Sikuandika barua hii kumharibia mtu riziki yake, na kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu zake.

Mlangoni tukaambiwa familia ni juu. Kulikuwa na kibao na mshale. Mama alipanda zile ngazi moja moja, mkono mmoja ukutani na mwingine begani kwa mjukuu, na kila ngazi ya tatu akapumzika. Tulipofika, chumba cha familia kilikuwa na meza tatu, pazia lililong'oka nusu, kreti za soda zimepandana mpaka dirishani, na viti vilivyovunjika miguu vimeegemezwa kwenye kona. Feni ilikuwepo ila haizunguki. Chini tulikotoka, wanaume walikuwa wamekaa wawili wawili chini ya feni nne.

Nataka nieleweke hapa. Mila hii ya kutengewa mahali mimi na wanangu tukae tujistiri nimekulia ndani yake na naipenda. Mama yangu hawezi kutia tonge mdomoni mbele ya wanaume asiowajua, na mwenye mtoto wa kunyonya anahitaji pazia. Siombi chumba cha familia kiondolewe. Ninalouliza ni kwa nini mahali pa kutustiri pawe stoo. Kama nafasi ya chini ni ndogo, ikatwe kwa pazia pale pale chini, mwenye magoti asipandishwe ghorofani ili ale wali.

Tukaketi. Kitinda mimba wangu alipokaa kitini, kidevu chake kikawa sawasawa na ukingo wa meza. Alichokiona mbele ya macho yake ni chupa ya pilipili na kikopo cha vijiti vya meno. Akavimwaga mezani akaanza kuvihesabu. Anajua kuhesabu mpaka kumi tu, kwa hiyo alifika kumi akaanza upya, akafika kumi akaanza upya. Nilimpigisha magoti kitini, akateleza. Nikakunja buibui langu la ziada nikamwekea chini, kikaongezeka kimo cha vidole vitatu. Kreti ya soda iliyokuwa nyuma yangu ingemfaa zaidi, nami nikaomba niigeuze aikalie na mto juu yake. Kijana akaniambia kwa upole kwamba kreti zina hesabu yake na hatakiwi kuzigusa.

Kunawa kulikuwa na mashaka yake. Sinki lilikuwa kifuani kwangu mimi mtu mzima. Nilimbeba yule mdogo nikamwinamisha, maji yakamshuka mikononi yakaingia kwenye mikono ya shati mpaka kwapani, shati la Jumamosi, shati la kutokea. Wa kati alijinyoosha kwa ncha za vidole akagusa maji kidogo akasema amenawa. Hakunawa, na watoto wetu hula kwa mkono. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa hoteli mji huu ulikuwa na ndoo yenye mfereji na sabuni pembeni, na nyingi ziliwekwa juu ya stuli fupi, kimo cha mtoto hasa. Wanangu walikuwa wakizikimbilia. Zimekwenda wapi ndoo zile? Nyingine naziona nyuma ya hoteli zimetiwa makaa.

Kisha chakula. Nikauliza, "Mna nusu?" Kijana akajibu, "Hakuna nusu, mama. Sahani ni sahani." Sahani ya biriani ya kuku ilikuwa shilingi 450. Nikahesabu kichwani. Mimi, mama na wale wakubwa wawili ni sahani nne, shilingi 1,800. Mdogo nikamwagizia chipsi za 200 nikidhani zitatoka upesi. Jusi ya ukwaju bilauri tatu, 300, na maji chupa mbili, 100. Jumla 2,400, na mkebe wangu ulikuwa na 2,600, tuktuk ya kurudi ikiwemo.

Tuliagiza saa moja na dakika 10. Chakula kilifika saa mbili kamili, chote kwa pamoja, chipsi juu ya sinia lile lile lililobeba biriani. Dakika 50. Chipsi za mtoto wa miaka 4 zilikaa jikoni zikisubiri biriani ya nyanya yake. Kufikia hapo mdogo alikuwa amelala kwenye paja la mama yangu na kijiti cha meno mkononi. Tulimwamsha, akalia, akala chipsi tano, akalala tena.

Wa kati alikula tonge la kwanza akatabasamu. La pili akanyamaza. La tatu machozi yakamtoka, akashika bilauri ya maji kwa mikono miwili, akaniambia maneno ambayo bado nayakumbuka: "Mama, ni tamu lakini inauma." Masala yalikuwa yamesagiwa pilipili humo humo. Alikula wali wa juu uliokuwa haujagusa mchuzi, akaacha kuku wote. Kifungua mimba, ambaye siku ilikuwa yake, alijikaza ale ili nisisikitike. Nilimwona akijikaza.

Tulirudi nyumbani na karibu sahani mbili nzima za wali ndani ya mkebe wa chakula. Mkebe huo natembea nao mkobani tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017. Kwa hiyo nililipia sahani nne na zililiwa mbili.

Nilipokwenda kulipa kaunta nilimwambia mwenye hoteli kwa staha kwamba nusu ingetufaa. Akanijibu, naye kwa staha, kwamba mtoto hukalia kiti kizima hata kama anakula nusu. Nimelifikiria neno lile kwa wiki kadhaa. Ni neno la mfanyabiashara na lina hoja ndani yake. Lakini meza ile nilikuja kwa sababu ya yule mtoto. Bila yeye nisingetoka nyumbani, ningekula mbaazi zangu na mahamri jikoni kwangu, na viti vyote vitano vingebaki vitupu, katika chumba ambacho usiku mzima hakuingia mtu mwingine ila sisi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni hivi.

Mimi ni mpishi. Nilipika miaka 14 katika hoteli ya kitalii upande wa Casuarina. Waitaliano wamezoea mji huu tangu miaka ya sitini, walipoweka kituo cha San Marco kule Ngomeni na kurusha satelaiti kutoka jukwaa lao la baharini mwaka 1967. Baada ya hapo wakaja na jamaa zao, wakajenga, wakafungua mikahawa, na nusu ya vijana wa Malindi wakajua Kiitaliano kabla ya kukijua vizuri Kiingereza. Mwitaliano hamwachi mtoto nyumbani. Saa tatu ya usiku utamkuta na wa miaka 3 mezani, na babu na nyanya pamoja.

Basi jikoni kwetu kulikuwa na utaratibu. Mhudumu akichukua oda ya meza yenye mtoto aliandika herufi B juu ya karatasi, B ya bambino, yaani mtoto kwa Kiitaliano. Karatasi ile ikiingia, mpishi haulizi. Oda ya B haisubiri wenzake. Unachemsha tambi, unazichuja, unatia siagi au mafuta ya zeituni na jibini kidogo juu, bila nyanya, bila vitunguu, bila pilipili manga. Wenyewe huita pasta in bianco, yaani tambi nyeupe. Ndani ya dakika 10 mtoto anakula, wazazi wanaongea, na chakula chao kikikawia hakuna anayegomba. Nusu sahani nayo ni neno la kawaida kwao, mezza porzione, na bei yake imo katika menyu. Kiti kirefu cha mtoto kililetwa kabla mama hajaomba. Hivi vyote nilifundishwa wiki ya kwanza, nikavifanya miaka 14.

Na wenzangu niliopika nao ndio hawa hawa wanaopika leo katika hoteli zetu. Wengine wamefungua za kwao. Miezi ya kusi, hoteli za watalii zinapofunga kuanzia Aprili, ndiko wanakokwenda kuomba kazi. Ujuzi wa kumlisha mtoto upo Malindi, na umekuwepo kwa muda mrefu. Nimewaandalia watoto wa Milan chakula chao saa moja jioni, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikihakikisha hakijawa moto wa kuunguza ulimi. Siku niliyowatoa wanangu nikaambiwa sahani ni sahani. Hilo ndilo lililoniuma, zaidi ya 2,400.

Mtu atasema chakula chetu si tambi, hakigawanyiki. Kinagawanyika, tena kwa urahisi. Biriani yetu ya pwani wali hupikwa mbali na masala hupikwa mbali, vikakutana katika sahani. Mpishi anaweza kupakua wali mweupe, akachukua kipande cha kuku akakikung'uta masala, akatia kijiko kimoja cha mchuzi wa nazi wa sufuria nyingine, na mtoto akala chakula kile kile wanachokula wazazi wake. Kazi ni kuiacha pilipili isiingie kwenye masala wakati wa kusaga. Anayeitaka awekewe pembeni, ya ukwaju au ya ndimu, kama tunavyofanya arusini, maana arusini hakuna mpishi anayetia pilipili kwenye sufuria la watu 300 wakiwemo watoto na wazee. Pilau ni ngumu zaidi kwa sababu viungo vimo ndani ya wali wenyewe, lakini bizari, mdalasini na iliki havimchomi mtoto. Pilipili ndiyo inayomchoma, na pilau si lazima iwe nayo.

Samaki nao. Mtoto asipewe tafi wala changu mzima akaachiwa apambane na miiba. Nguru aliyekatwa vipande mnofu wake ni mnene, mfupa uko katikati unaonekana, miiba midogo hana ya kutisha. Kipande kimoja chembamba cha nguru wa kupaka na wali wa nazi wa upawa mmoja, hicho ni chakula cha mtoto cha heshima kabisa. Siku hizi ukiuliza chakula cha watoto unaambiwa chipsi na soseji, kana kwamba mtoto wa Malindi amezaliwa na ulimi mwingine. Wanangu wanapenda samaki wa kupaka. Wanapenda mbaazi za nazi. Mdogo anapenda wali na maziwa ya mtindi. Chipsi niliagiza kwa kukosa.

Hesabu ya nusu ni hii, na naiandika kwa sababu nimekata kuku wengi maishani. Kuku mmoja ni robo nne, sahani nne. Robo ya nyuma ukiitenganisha paja na mguu umepata watoto wawili. Wali nao nusu. Uzeni nusu kwa shilingi 250 badala ya 225 mkitaka, hizo 25 ni za sahani na sabuni ya kuoshea, hatutalalamika. Familia yangu ingelipa 1,400 badala ya 1,800 kwa biriani, ingekula ikamaliza, na zile 400 zilizobaki zingewanunulia wanangu kaimati na kunirudisha hotelini mwezi ujao. Hivi sasa nitarudi labda akimaliza Gredi ya 9.

Kuna dada mmoja mtaani kwetu Maweni anakaanga viazi vya karai jioni, chini ya mwarobaini. Hana hoteli, hana meza. Ana karai, jiko la makaa, benchi moja na vistuli viwili vifupi ambavyo mumewe alivipigilia misumari kwa mbao za dau kuukuu. Vistuli vile ni vya watoto, mtu mzima akikalia anaondolewa. Ana bakuli mbili za ukwaju: nyekundu ya pilipili, na ya bluu isiyo na pilipili. Mtoto akija na shilingi 20 hapewi viazi vya moto vinavyotoka karaini; dada anachukua vilivyotoka kabla, anavipasua kwa uma ili mvuke utoke, anavimwagia ukwaju wa bakuli la bluu, anampa. Anampa mtoto kwanza hata kama nyuma yake wamesimama wanaume wanne wa bodaboda na njaa zao. Wala hawasemi kitu. Wamezoea. Mimi humwangalia dada yule nikasema moyoni kwamba anachokifanya ndicho tulichokuwa tukikifanya kwa karatasi za B, naye hakufundishwa na mtu.

Siku hizi zimefunguliwa sehemu zenye bembea za plastiki na kasri la kujazwa upepo. Zina wateja wake. Mimi sizitaki sana, kwa sababu mtoto akiona kasri hali chakula, anarukaruka mpaka anatapika jusi, na mama anakula peke yake akimwangalia kwa mbali. Niliwatoa wanangu tukae pamoja mezani.

Wazazi wenzangu, nimefika kwenu. Wenye hoteli wana malalamiko yao na mengine ni ya haki. Nilipokuwa kazini, mtoto mmoja aliachwa akikimbia kati ya meza na mlango wa jikoni huku wazazi wakiendelea na mazungumzo. Mwenzangu akatoka na bakuli la supu ya samaki, mtoto akampitia miguuni. Yule mtoto alisalimika kwa sababu mwenzangu aliinua bakuli juu akajimwagia mwenyewe. Mkono wake una kovu mpaka leo, kutoka kiwiko hadi kiganja. Alimkinga mtoto asiyemjua. Sasa tunapowaacha wetu wakimbie mbele ya mlango wa jikoni tujue ni mkono wa nani tunauweka rehani.

Mtoto afundishwe nyumbani kabla hajatolewa. Sinia la nyumbani ndilo darasa. Anajifunza kusema bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula mbele yake asivuke kwenda kwa mwenziwe, kutompokonya mdogo kipande, kunyamaza mkubwa anapoongea. Akishika haya matano kwenye mkeka, mezani hatamsumbua mtu. Na simu tuziweke mkobani. Naona watoto wamewekewa simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, wanalishwa tonge kwa tonge bila kujua wanakula nini. Mtoto huyo hajatoka na familia yake. Yuko kwenye simu yake, na angeweza kuwa kwenye simu hiyo nyumbani bila gharama ya tuktuk.

Na akimwaga, tuokote. Mimi hutoka na kitambaa. Kabla ya kuondoka nafuta mahali pa mdogo na kukusanya wali uliodondoka chini ya kiti, ingawa najua kuna mtu ameajiriwa kufanya hivyo. Sitaki mhudumu akiwaona watoto wangu tena mlangoni moyo wake uzame.

Neno fupi juu ya moshi, kwa sababu siwezi kuliacha. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, na hoteli ya chakula ni mahali pa umma. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Hata hivyo usiku ule moshi wa sigara ulikuwa ukipanda ngazi kutoka chini ukaja kutulia pale juu tulipokaa na dirisha limezibwa na kreti. Mama yangu alikohoa tangu tulipoketi mpaka tulipoinuka.

Sijaomba makubwa. Nusu sahani yenye bei yake ubaoni. Pilipili pembeni. Ndoo yenye mfereji juu ya stuli fupi, na sabuni. Kitu cha kumwinua mtoto kitini, hata kama ni kreti na mto. Oda ya mtoto itoke kwanza. Chumba cha familia kitolewe kreti na feni itengenezwe. Vingi katika hivi havihitaji mkopo wa benki. Vinahitaji mwenye hoteli akae saa moja tu katika kile kiti cha juu, na mjukuu wake pembeni, akisubiri chakula.

Kama yuko mwenye hoteli anayetaka kujaribu na wapishi wake hawajui waanzie wapi, mimi niko Maweni, nakaanga mahamri alfajiri na kupikia maarusi, mchana nina nafasi. Nitakuja kuwaonyesha namna ya kuitoa sahani ya mtoto kwa dakika 10 kutoka katika sufuria zile zile walizo nazo. Sitadai malipo. Na yule atakayekuwa wa kwanza kuandika kwa chaki kwenye ubao wake wa mlangoni kwamba nusu ya mtoto ipo, mkebe wangu wa maziwa nimeshaanza kuujaza. Tutakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watano, na baba yao akipata ruhusa sita, mara tu baada ya Magharibi, kabla mdogo hajaanza kusinzia.

Mama wa watoto watatu,
Maweni, Malindi